Inua Juu Kidogo

Siku ile ya kupima, mdogo wangu alinitembeza mpaka kandambili ikakatika kamba, na bado sauti yake ikawa inaniamrisha kwenye simu.

"Nenda mbele kidogo, Dada."

"Mbele wapi? Mbele yangu kuna uwanja wa mpira na wachezaji wamesimama kunitazama. Wanadhani mimi ni refa."

"Vuka uwanja."

Nikavuka uwanja. Mimi ni mshonaji, kazi yangu ni ya kukaa, na miguu yangu haijazoea shida. Lakini mdogo wangu akishika jambo hashikiki. Yeye ni fundi wa simu na redio, ana kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yetu, na mtaani wanamwita Injinia, wachache kwa heshima na wengi kwa utani. Alikuwa amejifungia siku nyingi na vijidude viwili alivyoviunga kwa mkono wake. Kimoja ndicho nilichokuwa nimekishika: kidogo kama kiberiti, kimefungwa ndani ya plastiki, na kijiwaya kinachochungulia pembeni. Hicho kilikuwa kinatuma. Kila baada ya muda mfupi kilirusha hewani neno moja tu: nipo. Cha pili alibaki nacho yeye, kinapokea, na kwenye kioo chake inatokea namba. Nikiwa karibu, namba inakuwa kubwa. Nikisogea mbali inapungua. Mawimbi yakishindwa kabisa kufika, kioo kinaandika HAKUNA.

"Inashuka," akasema. "Inashuka sana. Dada, inua juu kidogo."

Nikainua mkono. Nilijua ataniambia hivyo. Kwetu sisi hilo neno tumelinyonya. Marehemu baba, naye fundi wa redio, alikuwa na redio kubwa iliyokoroma kila jioni taarifa ya habari ilipoanza, na kila ilipokoroma alipaza sauti, "Inua juu kidogo!" Mmoja wetu akapanda kigoda, akaibeba redio kichwani mpaka habari ziishe. Tulikua hivyo. Simu ikikosa mtandao, tunainua juu. Taa ikififia, Mama alisema labda tuinue juu. Watoto wa fundi wa redio hawaulizi kwa nini.

"Imerudi!" akapiga kelele sikioni mwangu. "Ongeza mwendo!"

Basi nikaenda, mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda haja, nikapita kiwanda cha matofali, nikapanda kilima mpaka kwenye tangi la maji. Kila namba iliposhuka aliniambia niinue, nami nikainua. Pale tangini nilisimama kwa ncha za vidole, mkono umekufa ganzi, na yeye huko kibandani akawa anacheka peke yake kwa furaha.

"Inafika mpaka tangini, Dada! Mtaa mzima uko ndani! Sasa Mama hawezi kupotea."

Nilitaka sana kuamini, na pia nilitaka kurudi nyumbani.

Mama alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mtaa wetu waliingia duniani kwa mikono yake, na wengi wao bado wanamwamkia kwa uoga kidogo, maana alikuwa na ulimi mkali kwa wanaume waliosimama mlangoni wakati wa uchungu. Akili yake ilianza kutoka polepole. Kwanza akasahau chumvi. Kisha akasahau kwamba Baba amefariki, ikabidi tumpe msiba upya, akalia upya, mpaka mdogo wangu akasema basi, kuanzia leo Baba amesafiri. Mwishowe ikaanza hii ya kuitwa.

Alikuwa anainuka ghafla, anavaa koti lake jeupe la kazi, anachukua mkoba, anatoka. "Nimeitwa. Kuna mtu yuko kwenye uchungu." Mara ya kwanza tulimkuta stendi, amewapanga foleni makuli wawili na kuwaagiza maji ya moto. Mara nyingine tulimkuta kwenye nyumba inayojengwa, amechutama mbele ya mfuko wa saruji, anaupapasa na kuubembeleza, "Sukuma, mama, sukuma, kichwa hicho nakiona." Mimi na mdogo wangu tulicheka mpaka tukashikana mabega. Tulipoacha kucheka tulikuwa tunalia.

Watu wenye busara zao wakatuambia tufunge mlango. Nilifunga. Alipiga mlango kwa viganja mpaka vikavimba, akisihi, akisema yule mwanamke atakufa na mtoto wake tumboni kwa sababu yangu, na dhambi hiyo nitaibeba mimi. Nikafungua. Hakuna aliyezaliwa anayeweza kusikia maneno hayo kutoka kwa mama yake akaacha mlango umefungwa.

Ndiyo maana nilikubali kutembezwa na kandambili mbovu. Nilishona kifuko kidogo ndani ya bitana ya lile koti jeupe, upande wa nyonga, mahali ambapo hakitamkera akaking'oa. Bila koti Mama hatoki, hata akili ikiwa imetoka. Mdogo wangu akakitumbukiza kitumaji, mimi nikashona mdomo wa kifuko kwa mkono, na Mama akatutazama wote wawili kwa huruma.

"Mmekosa kazi," akasema.

Na kifaa kilifanya kazi, sitakisingizia. Mara kadhaa Mama aliitwa, na mdogo wangu akaona namba inapungua kwenye kioo, akawasha pikipiki, akaifuata namba mpaka ikawa kubwa, akamrudisha Mama amekaa nyuma yake anagomba. Akaanza kutembea kifua mbele. Akatengeneza kitumaji cha pili cha akiba. Jirani mmoja akamuuliza kama anaweza kumtengenezea cha mbuzi.

Jumapili ile mawingu yalikuwa yametanda mlimani tangu asubuhi. Nilikuwa na sare za shule za watu na nimeahidi kesho yake, kwa hiyo cherehani ilikuwa inalia bila kupumzika. Mama alikuwa amelala baada ya chakula. Nilipokwenda kumpa chai nilikuta shuka limetandikwa vizuri, kama alivyokuwa analitandika zamani, na msumari wa koti mtupu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Nilivuka barabara bila kutazama magari. Mdogo wangu alikuwa ameinamia simu ya mtu, moshi wa risasi ya kuungia waya ukimpanda usoni.

"Mama yuko wapi?"

Akatazama rafu kilipo kile kipokeaji. Mimi pia nikatazama. HAKUNA.

Akakichukua, akakitikisa, akakiinua juu ya kichwa chake. HAKUNA.

"Labda betri," nikasema.

"Betri ni mpya. Nimeiweka juzi." Rangi ilikuwa imemtoka. "Dada, ameshatoka. Ameshavuka tangi."

"Mama? Kwa miguu ile? Nimemwacha amelala sasa hivi."

"Amepewa lifti. Nani atamnyima lifti? Akisimama barabarani na lile koti akasema ameitwa, dereva gani atampita? Kama angekuwa ndani ya mtaa tungemwona hapa. Tulipima, Dada. Tulipima mimi na wewe."

Kweli tulipima. Mkono wangu ulikuwa shahidi. Basi sikubishana naye, mimi ninayebishana na kila kitu.

Aliwasha pikipiki, akakifunga kipokeaji shingoni kwa kamba, akapita kidaraja cha nyuma ya karakana ya mbao na kushika njia ya mlimani. Mimi nikaenda kwa miguu. Nilivuka kidaraja hichohicho nikiita, "Mama! Mama weee!" Niliita njia nzima. Nilibisha kila nyumba niliyokumbuka kwamba alimzalisha mtu ndani yake, na kwa Mama hizo si nyumba chache. Wanawake walitoka na unga mikononi. Wanaume waliozalishwa naye walivaa viatu wakanifuata, kisha wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Kila mtu aliita. Mtaa mzima ulikuwa unaita.

Simu ya mdogo wangu ikaja. Alikuwa tangini. HAKUNA. Ikaja tena. Alikuwa amevuka tangi, yuko kijiji cha pili, amesimama juu ya gari bovu na kuinua kipokeaji kadiri ya urefu wake. HAKUNA. Nilisikia upepo kwenye simu, na pumzi zake.

"Nenda mbele kidogo," nikamwambia. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Nilimwogopa Mungu siku ile. Nilimwambia kama ni kisasi cha mlango niliomfungia, anilipize mimi, asimlipize yeye. Nilifikiria magari. Nilifikiria mto ulioko ng'ambo ya kijiji cha pili. Nilifikiria watu wabaya, na mkoba wake uliochakaa ambao mwizi angedhani una kitu. Kila nilichofikiria kilikuwa mbali, na kadiri jua lilivyoshuka ndivyo kilivyozidi kwenda mbali.

Mdogo wangu alirudi mafuta yakiwa yanaishia, macho mekundu kwa vumbi. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kudondoka, mazito, moja hapa moja pale. Huko mlimani mvua ilikuwa imeshashika. Tuliona weusi wake.

"Napanda juu ya paa," akasema. "Labda nikiwa juu nitapata hata chembe. Wewe chukua hiki." Akanipa kitumaji cha akiba. "Kiweke mfukoni. Kioo kitanionyesha wote wawili, wewe na yeye. Nisije nikapoteza watu wawili siku moja."

"Nipotee niende wapi mimi?"

"Chukua, Dada. Nakuomba."

Nikakitia kwenye mfuko wa sketi. Akapanda ukuta, akafika juu ya bati, akasimama pale na kipokeaji mkononi, mkono umenyooka mbinguni. Nilimwonea huruma. Kitoto changu kile nilichokibeba mgongoni, leo kina mvi za mapema, kimesimama juu ya bati kwenye mvua.

Nilizunguka nyuma ya nyumba nikashika kinjia kinachokwenda karakana ya mbao. Sikuwa na mpango. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kuwa ni Jumapili, na hakukuwa na mtu. Nilipofika kwenye kona ya ukuta wake, miguu ikakataa. Haikuuma, ilikataa tu. Nikakaa chini, juu ya ardhi iliyoanza kulowa, mgongo ukutani, nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nimeibana tangu mchana.

Simu ikalia.

"Dada! Uko wapi? Umekwenda wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi? Umepotea! Kioo kinasema hakuna! Ulikuwepo sasa hivi, namba nzuri kabisa, halafu ukakatika! Umepanda gari?"

Nilifuta kamasi. "Gari gani wewe? Niko nyuma ya karakana. Nakuona. Shati lako limetoka nje ya suruali."

Nilimwona anageuka juu ya bati, ananitafuta, ananiona.

"Kifaa kiko wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mfukoni, ulikosema."

"Umesimama au umekaa?"

"Nimekaa."

"Umekikalia?"

Nikapapasa. Kilikuwa chini ya paja langu, kimebanwa kati ya nyama yangu na udongo. "Nimekikalia."

"Simama."

Nikasimama.

"Umerudi," akasema kwa kunong'ona. "Kaa tena."

Nikakaa. Nikasubiri. Niliuona mkono wake wenye kipokeaji ukishuka polepole kutoka juu mpaka ubavuni, na hapo nikaelewa bila kuambiwa. HAKUNA haikuwa na maana ya mbali. Mama hatembei ameinua mkono. Mama ameanguka, amelala juu ya kile kifaa, na yuko hapa. Mchana kutwa alikuwa hapa.

"Dada," akasema. "Mtaro."

Mtaro wa maji ya mvua unapita nyuma ya nyumba zetu, unapita nyuma ya karakana, kisha unaingia kwenye kalavati, lile bomba la zege chini ya kidaraja. Una kina kumzidi mtu, majani yamefunika kingo zake, na kiangazi tunausahau kabisa. Mvua ikinyesha mlimani huwa unakuja juu kwa dakika chache, na maji yake hayaombi ruhusa.

Sijui alivyoshuka kutoka kwenye bati. Tulikutana ukingoni, tukateleza ndani wote wawili. Maji yalikuwa tayari kwenye vifundo vya miguu, mekundu kwa udongo wa mlimani, yana vijiti na povu. Alikuwa amekishika kipokeaji chini, karibu na maji, akikielekeza huku na huku. Hakuna aliyesema inua. HAKUNA. Tukasogea. HAKUNA. Maji yakafika kwenye mashavu ya miguu. Nilimshika mkanda asianguke, yeye haoni kingine isipokuwa kioo.

Mbele ya mdomo wa kalavati namba ikatokea. Ndogo, dhaifu, ikapotea, ikatokea tena.

Alikuwa ndani, hatua chache kutoka mdomoni. Nadhani alianguka akiukata mtaro kwa njia ya mkato, kisha akajivuta kivulini, maana jua la mchana lilikuwa kali kabla ya mawingu kushuka. Alikuwa amelala kwa ubavu, nyonga ile yenye kifuko ikiwa chini kwenye zege, na mguu umekaa upande usio wake. Mkoba alikuwa ameuweka kifuani usilowe. Maji yalikuwa yamefika kwenye sikio lake, na alikuwa ameinua shingo, anaishikilia juu kwa nguvu zilizobaki. Shingo nzima ilikuwa inatetemeka.

Nilipiga magoti nikakipakata kichwa chake. Kilikuwa cha baridi. Macho yake yalikuwa wazi, na nasema ukweli, yalikuwa macho ya zamani, yale ya mkunga aliyekuwa anamjua kila mtu.

"Nyinyi," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka, imebaki mkwaruzo tu. "Niliwasikia."

"Usiseme, Mama. Tumefika."

"Mlipita hapo juu. Pikipiki. Halafu wewe. Mnaniita." Akameza. "Niliitika. Kila mlipoita niliitika. Mlikuwa mnaita tu, hamngoji mtu ajibu."

Mdogo wangu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima. Kipokeaji kikamponyoka, kikazama kwenye maji yale mekundu, na hakukitafuta. Alimwingizia Mama mikono chini ya kwapa, mimi nikashika kiuno na mguu ule, na Mama akapiga yowe tulipomwinua, yowe lililojaa bomba zima. Waliotuzoazoa ukingoni ni watu aliowazalisha, ambao walilisikia hilo yowe na kukimbia. Tulipokuwa tumemlaza juu ya mlango wa karakana walioung'oa, mtaro nyuma yetu ulikuwa umejaa pomoni.

Nyonga imevunjika, na kwa umri wake, daktari alisema, hatatembea tena. Alilisema hilo kwa upole, akidhani ndilo litakalotuua. Kesho yake asubuhi Mama aliamka kwenye wodi ya wanawake mchangamfu, akawauliza wauguzi wana wazazi wangapi leo, akamgombeza mmoja kwa kutokata kucha. Tulipomuuliza kuhusu mtaro, alitutazama kwa mshangao.

"Mtaro gani? Mimi nitafuata nini mtaroni?"

Imefutika. Haimo kabisa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kisha nikamwangalia mdogo wangu aliyekuwa ameshika chuma cha kitanda, nikaona kwamba yeye hajashukuru. Yaliyomtoka Mama yote yalikuwa yamehamia kwake. Hakula. Kibanda hakikufunguliwa. Nilimsema, nikamtania, nikampikia, nikamwambia Mama yu hai, unataka nini zaidi wewe? Alinijibu, "Ndiyo, Dada," akaendelea kutazama ukuta.

Jumapili iliyofuata akaja mlangoni kwangu ameshika kipokeaji kipya. Alikuwa amekiunga usiku.

"Twende tukapime."

"Tupime nini? Mama hatembei tena. Nani atapotea?"

"Nataka kujua tu."

Nilitaka kumkatalia. Lakini nilimwona alivyokonda, nikavaa viatu.

Mtaro ulikuwa mkavu, matope yake yamepasuka. Karakana ilikuwa imefungwa, kimya. Alishuka, akaingia kwenye kalavati, akalala palepale, kwa ubavu, kitumaji chini ya nyonga. Nilibaki juu nikiona soli za viatu vyake.

"Nenda," akasema. "Sitatumia simu. Nitakuwa nakuita. Sitapiga kelele, nitaita kwa sauti ya kawaida, kama yake. Ukifika mahali ambapo hunisikii, rudi uniambie ni wapi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuja kupima kifaa.

Nilianza kutembea kuelekea nyumbani, kioo mkononi. Namba ilikufa kabla sijamaliza ukuta wa karakana. HAKUNA.

"Dada," akaita nyuma yangu, bila kupaza.

Nilipita kwenye kona nilikokaa siku ile nikalia. "Dada." Bomba lile la zege lilikuwa linaibeba sauti na kuitema nje nzima. Nilipita kwenye ukuta wa jirani. "Dada." Nikaingia uani kwetu, nikapita kamba ya nguo, nikafika kwenye mlango wa nyuma, ule uliokuwa wazi. Nikasimama, nikashika kitasa. Kupitia dirishani niliiona cherehani yangu na kitambaa kimelala juu yake.

"Dada."

Ilikuwa ndogo, lakini kila herufi ilikuwamo. Mtu aliyenyamaza na kutega sikio angeisikia akiwa ameketi kitini. Nilisimama pale nikimsikiliza akiniita na sikuitika.

Nilipanguza uso kwa pindo la blauzi, nikarudi. Alikuwa ameshatoka kwenye bomba, ameketi ukingoni, matope mavazini, ananitazama nikija kama mtu anayetazama hakimu.

"Kifaa kilikufa kwenye ukuta wa karakana," nikamwambia.

"Na sauti?"

Mimi ni mtu ninayesema kilichomo moyoni, mtaa mzima wananijua, na wengi hawanipendi kwa hilo.

"Sauti haikutoka hata mtaroni," nikasema. "Nilipopiga hatua ya pili tu sikusikia kitu. Tusingeweza kumsikia, mdogo wangu. Hata tungenyamaza wote."

Nikaketi kando yake, naye akanitazama. Kisha mabega yake yakashuka, akaegemeza kichwa kwenye paja langu kama alivyokuwa akifanya utotoni, akalia vizuri, kilio chenye mwisho. Nilimpapasa mgongo, nikawa natazama bati la nyumba yetu, lililokuwa karibu kabisa.